Huyo Aliyeuma, Kachanjwa?

Watanzania wa ughaibuni tuna msemo wetu: Wazungu wanapenda mbwa, sisi tunawapiga mawe. Mimi sikubali, na sababu yangu ni Popi.

Popi ni mbwa wangu mdogo hapa Leicester. Alishambuliwa bustanini, kamba yake nikiwa nimeishika. Aliyemrukia alikuwa huru. Watu waliosogea kusaidia waliniuliza kama nina bima na kama nimempiga picha yule mbwa. Daktari wa mifugo alimnyoa ubavuni: kwa nje vitundu viwili tu, kwa ndani ngozi imeachana na nyama. Jino la mbwa ndivyo lilivyo, kidonda kinafunga juu huku usaha ukitunga chini, kwa hiyo usidanganyike na udogo wake. Akasafisha, akaandika antibayotiki. Kichaa cha mbwa hakikutajwa kabisa.

Usiku nikampigia kaka yangu anayeishi Manzese, Dar es Salaam. Swali lake la kwanza: "Huyo aliyeuma, kachanjwa?" La pili: "Na wewe hajakugusa na mate?"

Kaka anapenda mbwa kuliko mimi. Tofauti ni historia. Uingereza ilipambana na kichaa cha mbwa hadi ikakifuta, kikarudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza na mbwa walioingizwa kimagendo, kikafutwa tena mwaka 1922. Kwa miongo mingi mbwa aliyetoka nje alikaa karantini miezi 6. Huku mtu anaweza kuhangaikia kamba na bima kwa kuwa jambo kubwa zaidi lilishamalizwa na waliomtangulia. Kwetu bado lipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Ndiyo maana ukiumwa unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha unakwenda kuchomwa chanjo siku hiyo hiyo. Kwenye vichochoro vya Manzese, watoto wanapocheza walipolala mbwa, ugomvi wa mbwa wawili ni wa mtaa mzima.

Nikiri kuna kitu cha huku ningependa kifike nyumbani: hofu ya mbwa mwenyewe kuhesabiwa kuwa maradhi. Baada ya kushambuliwa, Popi alikuwa akitetemeka akiona mbwa kwa mbali. Tukabadili njia, tukakaa mbali na wenzake, na kila alipotokea mbwa nilimpa kipande cha kuku. Polepole akaanza kunitazama mimi badala ya kukimbia.

Lakini mwenye yule mbwa aliyemuuma Popi sikumwona tena. Barua za bima ndizo zilizozungumza.

Mbwa wa kaka, Simba, aliwahi kuumwa na mbwa mwenzake huko huko Manzese. Mjumbe wa mtaa aliwaita kaka na mwenye mbwa aliyeuma. Wakakubaliana mwenye mbwa huyo amlipe bwana mifugo, Simba achanjwe tena, na aliyeuma afungwe siku 10 akiangaliwa, maana mbwa mwenye virusi mateni kwa kawaida huugua au kufa ndani ya muda huo. Kaka akawa anapita kila asubuhi kuona kama anakula. Haikuchukua muda mwenye mbwa akaanza kumkaribisha chai, na kaka, hasira zikiwa bado usoni, akawa anainywa.