Kosa Langu la Ugali

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi sehemu ya pili ya yale maelezo ya kuhamisha hifadhidata, na sehemu hiyo bado haijaandikwa. Leo pia siiandiki. Nataka niwasimulie kosa nililolifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sababu tangu litokee silali vizuri.

Dadangu ni mtaalamu wa lishe. Amesomea na amesajiliwa na KNDI, ile taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 kusimamia wataalamu wa lishe hapa Kenya. Nalitaja hilo kwa kuwa siku hizi kila mwenye simu na picha ya parachichi anajiita mtaalamu. Alianza kuonana na familia kupitia mtandao mwaka 2020, corona ilipofunga njia, na njia zilipofunguliwa hakuacha. Familia zake nyingi ziko mbali na mji, na nauli ya kuja kliniki kuuliza swali la dakika kumi ni hasara tupu. Wao humwita daktari. Amewaambia mara nyingi kwamba yeye si daktari, amechoka, sasa anaitika tu.

Mimi niliingia kama fundi. Kwanza nikamtengenezea tovuti ya mikutano ya video, nzuri kweli, nilijipongeza peke yangu. Hakuna aliyeitumia. Mama mmoja alimwambia wazi kwamba bando lake ni la WhatsApp, hayo mengine ni ya watu wa Nairobi. Basi vikao vikarudi WhatsApp, mara nyingi kwa sauti bila picha, na kamera ikiwashwa huwa ni ya kuonyesha sufuria. Nimekaa nyuma ya dadangu mara kadhaa nikisikiliza. Kazi yake si ile niliyodhani, ya kuwaambia watu wale mboga. Robo tatu ya kikao ni kuuliza. Nani anapika leo? Nyanya akija anampa mtoto chai ya sukari ngapi? Upawa mnaopakulia uji ni upi, hebu niuonyeshe.

Baadhi ya watoto anaowahudumia wana kisukari cha aina ya kwanza. Mwili wao hautengenezi insulini, kwa hiyo wanadungwa kila siku. Watoto wengi hupewa insulini ya mchanganyiko kwa kipimo kilichopangwa, asubuhi na jioni. Lakini wachache wameanzishiwa na daktari wao utaratibu wa kudunga kwa kila mlo, na hapo lazima mzazi akadirie wanga ulio kwenye sahani. Daktari anaweka uwiano, tuseme uniti 1 kwa kila gramu 15 za wanga. Dadangu anafundisha kuhesabu hizo gramu. Ukipunguza sana, sukari inapanda. Ukizidisha, sukari inashuka chini ya 4, mtoto anatetemeka, anatoka jasho, na ikishuka zaidi anapoteza fahamu.

Nikamwambia, "Dada, hii ni hesabu tu. Niachie." Tayari mnaona balaa linavyokuja.

Nilichukua jedwali la virutubisho vya vyakula vya Kenya, lile lililotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na FAO, nikaliingiza kwenye hifadhidata. Mzazi anaandika jina la chakula na uzito wa mizani ya jikoni, programu inarudisha gramu za wanga. Majina ya kwenye jedwali si yale wanayoandika akina mama, kwa hiyo niliandika skripti ya kulinganisha majina yanayofanana. Mtu akiandika "ugali wa mahindi", skripti itafute safu iliyo karibu zaidi. Ikatafuta, ikapata "unga wa mahindi". Herufi zinakaribiana sana, ugali na unga, tazama mwenyewe. Nilijaribu vyakula kama kumi hivi: chapati, maharagwe, ndizi, viazi. Ugali sikuujaribu. Ugali, jamani! Chakula ninachokula mara tano kwa wiki.

Sasa, gramu 100 za unga mkavu zina wanga wa gramu 70 au zaidi. Ugali umeshakunywa maji. Gramu 100 za ugali zinaweza kuwa na 28 hivi, kutegemea mpishi.

Jumapili moja jioni dadangu alikuwa kwenye kikao na familia moja ya upande wa Kitale. Mama akaweka sahani ya kijana wake wa miaka tisa kwenye mizani. Gramu 250. Akaingiza kwenye programu, ikamwambia 175. Gawanya kwa 15, uniti 12. Baba alikuwa kando, amekwisha kuivuta dawa kwenye sindano. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Daktari, samahani, lakini hii namba imenishinda. Sahani kama hii ulinifundisha ni sabini." Sabini kwa 15 ni uniti 5 kasoro kidogo.

Dadangu akasema, "Baba, weka sindano chini kwanza."

Alinipigia saa tatu usiku. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Namba ya ugali uliitoa wapi?" Nikafungua tarakilishi huku namjibu kwa kujitetea, kwamba programu inaonyesha gramu tu, haimwambii mtu adunge. Nikaiona safu yenyewe. Nikaacha kujitetea.

Niliufuta ule ulinganishaji papo hapo, lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi. Swali likawa, nani mwingine ameshauliza ugali? Kumbukumbu za seva zilionyesha familia mbili nyingine, mara nne kwa jumla tangu Alhamisi. Ya kwanza ilikuwa bado inatumia daftari la zamani, programu walikuwa wanaichezea tu. Ya pili haikupokea simu usiku ule. Dadangu alituma ujumbe wa sauti, akatuma tena, mimi nimekaa sakafuni naangalia zile tiki mbili za kijivu.

Asubuhi saa kumi na mbili u nusu yule mama akapiga. Ijumaa usiku, akasema, mtoto alitetemeka na kulowa jasho. Walipima, 2.9. Walifanya kama walivyofundishwa: sukari vijiko vitatu kwenye maji, wakangoja dakika 15, wakapima tena, ikapanda. Walidhani ni kandanda aliyocheza jioni. Hawakutaka kumsumbua daktari kwa jambo dogo.

Niliangalia kumbukumbu ya Ijumaa. Ugali, gramu 100. Programu yangu ilijibu 70. Badala ya uniti 2, walidunga karibu 5.

Dadangu akazima kipaza sauti, akanigeukia. "Utamwambia wewe," akasema. Nikamwomba aseme yeye, kwa kuwa wanamwamini. Akasema ndiyo sababu.

Basi nikasema. Shikamoo mama, mimi ndiye kijana aliyetengeneza ile programu, haikuwa kandanda, ilikuwa namba yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengine, yakapotea. Kukawa kimya, nasikia jogoo wao. Halafu akauliza, "Na uji? Uji nao una makosa?" Nikamwambia sijui, leo asitumie programu kwa chochote. "Haya. Asante kwa kusema," akasema, "lakini mpe daktari simu." Na mimi sikuongezwa neno.

Programu ilikaa imefungwa wiki tatu. Ile skripti nimeitupa. Sasa kila chakula kina alama ya lazima: kikavu, kibichi au kimepikwa, na hakionekani kwa mzazi mpaka dadangu akipitishe kwa mkono. Tulivipitia jioni baada ya jioni, mizani mezani, tukapata makosa mengine mawili, maharagwe na mchele, ya aina ile ile.

Ugali hauna tena namba ya jumla. Dadangu alikataa, kwa kuwa wa nyumba hii ni mgumu na wa nyumba ile unamung'unyika. Kila familia inapima unga kabla ya kuutia maji, inapima ugali ukiiva, na programu inagawanya. Unga nusu kilo una wanga wa gramu 350 hivi. Ukitoa ugali wa gramu 1,250, basi ni 28 kwa kila 100. Yule mama wa Kitale ugali wake ni 28 kweli. Yule wa pili alichukua mwezi mzima kabla ya kurudi kwenye programu, na juzi alituma yake: 31. Chini yake akaandika amepima mara tatu, na mimi pia nipime.

Nimepima. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, nikipata nafasi.