Tulimwita Baba Mkaidi

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye mzee nyumbani ambaye humwita mara tatu asiitike. Kwetu alikuwa baba. Jioni moja mama alimwomba saa, naye akaleta taa. Watoto wakacheka, nami, kwa kudhani kuwa ni ukaidi, nikasema: "Sikio la kufa halisikii dawa." Maneno hayo aliyasikia barabara. Tangu siku ile akawa anakula kimya, kisha anakwenda kulala mapema.

Usingizi wake nao ulikuwa na kasoro. Alikoroma, akanyamaza kana kwamba pumzi imekatika, kisha akashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Sisi tuliyaona hayo kuwa mambo mawili mbalimbali: masikio ni uzee, kukoroma ni uchovu. Daktari ndiye aliyetuuliza habari za usiku.

Alitueleza kwamba ndani ya kila sikio mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vijinywele vya kupokelea sauti. Zikifa hazioti tena. Hutangulia kufa zile za sauti nyembamba, kama ya "s". Ndiyo maana mzee hujua kwamba anasemeshwa, lakini neno lisimfikie sawasawa. Chembe hizo hulishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu, usio na mwingine wa kuusaidia. Pumzi ikikatika mara kwa mara usingizini, oksijeni hupungua katika damu. Uchunguzi kadhaa umeonyesha kwamba wenye maradhi hayo huelekea zaidi kupungukiwa na usikivu, ingawa haijathibitika kwamba moja ndilo chanzo cha lingine. Umri na kelele za miaka mingi vina sehemu yao kubwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya asilimia 65 ya watu waliopita miaka 60 wamepungukiwa na usikivu kwa kiasi fulani.

Basi, ndugu msomaji, mzee wako akikoroma na kukatikiwa na pumzi, usimcheke. Mpeleke hospitali, na hali yake ya usingizi ielezwe pamoja na ya masikio. Unaposema naye, zima redio, mkabili usoni, useme polepole bila kupiga makelele.

Mimi nilimwomba baba radhi. Ilinibidi nirudie mara mbili, kwani mara ya kwanza nilikuwa nimeinamisha uso.