Umejuaje?

Mwanzoni mwa mwezi huu binti yetu wa Gredi ya Tano alirudi nyumbani na daftari lenye alama nyekundu. Swali liliuliza ni wakati gani bahari hujaa zaidi. Yeye alijibu: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwalimu alilikata jibu, kwa kuwa kitabu kilitaja mwezi mpevu peke yake. Hakumuuliza mtoto maneno yale ameyatoa wapi. Nasi wazazi wake, twakiri kwa haya, tulimwambia afute aandike lilivyo kitabuni, maana mtihani u karibu.

Aliyekataa ni bibi yake. Yeye ni binti wa mvuvi, na habari za bahari hakuzipata darasani. Alimweleza mjukuu wake kwamba kila mwezi una mabamvua mawili, moja siku mbili tatu baada ya mwandamo na jingine baada ya usiku wa kumi na tano, na baina yake huwa maji mafu. Kisha akaongeza neno lililotushangaza: "Nami usiniamini hivi hivi. Nenda ukahesabu ngazi za bandarini."

Hilo ndilo tungependa shule ziwafunze wanetu: jambo hujulikanaje. Si geni kwetu. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea kauli bila ya kuuliza imepokewa kwa nani, na huyo naye kwa nani, na je, walikutana? Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka wa 179 Hijria, amesimuliwa kuwa aliyajibu maswali mengi ya msafiri aliyetoka mbali kwa kusema kuwa hajui. Ni watoto wangapi wetu waliowahi kumsikia mwalimu, au mama, akisema "sijui, tutafute"?

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, umeutaja ujuzi wa kujifunza miongoni mwa umilisi wake saba. Ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika atapata wapi nafasi ya kumuuliza kila mtoto amejuaje? Hatumlaumu sana. Sisi tulikuwa na mtoto mmoja mbele yetu, na hatukumuuliza.

Sasa binti ana daftari jingine. Upande mmoja huandika tarehe ya mwezi, upande wa pili idadi ya ngazi zilizobaki kavu maji yanapojaa. Mwezi tatu zilibaki tatu. Mwezi tisa, saba. Maji yakijaa akiwa shuleni, sisi ndio tunaokwenda kumhesabia. Jana tulimletea idadi yetu. Alishika kalamu, akatutazama kabla ya kuandika.

"Mmehesabu wenyewe," akauliza, "au mmeambiwa?"