Mchujo wa Mnazi Mmoja

Mwaka 1994, nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa michezo alinishika mkono wa kushoto akaniandikia namba 17 kwa kalamu ya wino. Vitambaa vya kubandika kifuani havikuwepo. Jasho likifuta namba, unamrudia anaikoleza. Ilikuwa asubuhi pale Mnazi Mmoja, na watoto wa shule za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na jirani zake tulikuwa tumekuja kuchujwa, wapatikane wa kwenda kuiwakilisha Ilala kwenye mashindano ya michezo ya shule za msingi, yanayoitwa UMITASHUMTA, ngazi ya mkoa.

Asiyepita kwenye mchujo huo hawezi kujua uzito wake. Unaanza shuleni kwenu, unakwenda kata, kisha wilaya, kisha mkoa, mwisho taifa, na kila ngazi kuna watoto wanaorudi nyumbani. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Mtoto aliyefika mkoani mtaa mzima ulimjua, na mama aliongeza maziwa kwenye chai yake.

Mistari ilichorwa na mlinzi wa shule, mzee mmoja mpole. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga alilolitoboa matundu kwa msumari, ndani amejaza chokaa. Alitembea kinyumenyume, ameinama, analitikisa kopo polepole, na nyuma ya chokaa ile tulifuata sisi, peku, tumenyamaza kama tuko msikitini. Aliyekanyaga mstari kabla ya mbio alifukuzwa.

Mimi nilikimbia mita 800. Walikuwa wanachukua wawili. Tulipofika mwisho, mimi na kijana wa shule nyingine tuliingia bega kwa bega, tukaanguka pamoja. Mwalimu aliyesimama pale alitutazama, akamnyooshea yule kidole: wa pili. Akaninyooshea mimi: wa tatu. Sikubisha, maana mtoto hambishii mwalimu, lakini nililia njia nzima mpaka Mtaa wa Sikukuu. Mama akanikorogea glukosi, akasema, "Mwakani utawahi zaidi."

Kweli mwakani niliwahi. Kwa miezi kadhaa niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaanzia Fire, nikashuka na Msimbazi mpaka Gerezani na kurudi. Saa hizo Kariakoo ilikuwa yetu. Maduka yamefungwa, wauza kahawa ndio kwanza wanawasha mkaa, mikokoteni imelala. Nilipita mchujo wa wilaya nikashika namba ya kwanza, nikaingia Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru sasa. Mkoani nilikuwa wa tano, nikaishia hapo. Siku ile nimeitunza mpaka leo.

Miaka mitatu baadaye, Februari 1998, redio ilituambia habari za Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mbio zangu, mita 800, aliyekwenda kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, kushindana kilomita 10 kwa mbao za kutelezea kwenye theluji. Alifika wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekwisha kushinda, alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Kilichonigusa mimi ni jambo lililotangulia: Boit alikwenda Finland kufanya mazoezi. Watoto wa nchi zile za baridi nao huchujwa kwa mikoa na kanda kama sisi, lakini theluji iko mlangoni pao. Mkenya yule ilibidi aifuate ilipo.

Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha mashindano ya shule za msingi na sekondari. Yalikaa kimya miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Nilikuwa nimeshakua, lakini niliumia kwa ajili ya wadogo zangu. Kuna kundi zima la watoto wa Kariakoo waliomaliza darasa la saba bila kuandikwa namba mkononi.

Yaliporudi, mji ulikuwa si ule. Maghorofa yamepanda mpaka jua halifiki chini. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kupita Msimbazi, njia yangu ya alfajiri, na sehemu ya Jangwani ikawa karakana ya mabasi hayo. Mkoa umeongezewa wilaya za Ubungo na Kigamboni. Pale Kidongo Chekundu ulijengwa uwanja wa vijana wenye mpira wa miguu na kikapu, nami naushukuru, ila mtoto wa mbio ndefu hana pa kuzunguka.

Binti wa dada yangu alichujwa mwaka 2023. Uwanja wa shule yao umemwagwa pevingi, umezungukwa na ghorofa pande tatu. Mazoezi yake ilikuwa kuzunguka mlingoti wa bendera. Walipelekwa kwa basi kukimbilia njia ya Gongo la Mboto, akaachwa mbali na watoto wa pembezoni mwa Ilala hiyohiyo. Jioni aliniambia, "Mjomba, wale wa Pugu wana uwanja. Wanakimbia kila siku, sisi tunakimbia siku ya mashindano." Nilikosa la kumjibu.

Septemba 2025 tulikaa pamoja kuangalia Alphonce Simbu akiipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia, kwenye marathoni ya Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Niliitazama picha ile nikamkumbuka yule kijana wa bega kwa bega, na kidole cha mwalimu.

Mnazi Mmoja iliachwa wazi na wakoloni ili kututenga sisi wa Kariakoo na mji wa Wazungu na Wahindi. Baada ya Uhuru sisi watoto tuliigeuza kuwa yetu. Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa Jiji la Dar es Salaam: watengeeni watoto wa shule za Kariakoo kipande cha kukimbilia pale, hata mita 200 za udongo, kwa saa mbili za asubuhi. Chokaa tutanunua wazazi.