Panya Mpepesukaji

Tangu nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu nimesoma mengi ambayo zamani sikuyapatia nafasi. Katika hayo yote, habari iliyonishughulisha zaidi ni ya panya mdogo wa maabara.

Panya huyo alielezwa mwaka 1951 na Douglas Falconer, mtaalamu wa elimu ya urithi huko Edinburgh, Uskoti. Alizaliwa na wazazi wazima. Lakini wenzake walipoanza kukimbia, yeye alipepesuka kama mlevi, akaanguka ubavu, akainuka, akaanguka tena. Wakampa jina la reeler, yaani mpepesukaji.

Ubongo wake ulipochunguzwa, mambo yakaonekana. Gamba la ubongo, letu na la panya, lina tabaka sita, nalo hujengwa kwa namna ya ajabu: seli zinazotangulia hukaa chini, na zinazozaliwa baadaye hupenya katikati yao zikapanda juu. Ni kama mkutano ambamo kila anayechelewa huwapita waliotangulia akaketi mbele. (Chuoni kwangu nisingekubali!) Kwa mpepesukaji, wanaochelewa hukwama nyuma ya wenzao, tabaka zikawa kama zimepinduliwa. Na ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaotusaidia kusimama sawasawa, hudumaa ukakosa mikunjo yake.

Chanzo kilijulikana mwaka 1995: jeni moja tu iliyoharibika. Ikiwa nzima, seli chache zilizo juu ya gamba hutoa protini iitwayo reelini, nayo huongoza seli nyingine zikae mahali pake. Anayeugua ni yule aliyerithi nakala mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja hutembea bila shida wala hajijui. Mwaka 2000 ikathibitika kuwa jeni hiyo huharibika hata kwa binadamu, ingawa ni kwa nadra sana.

Hapo panya akaingia nyumbani kwangu. Katika ukoo wetu kuna mtoto aliyefika miaka minne bila kuweza kusimama. Wazee wakaketi, na kama ilivyo desturi yetu mbaya, macho yote yakamwelekea mama. Mmoja akasema kwao kuna mkosi. Mwingine akataka arudishwe. Sikudai kuwa mtoto ana ugonjwa wa panya yule. Hiyo ni kazi ya daktari. Niliwaeleza habari za panya, kisha nikasema, "Wazee wenzangu, kama ni ugonjwa wa kurithi wa namna hii, basi nusu yake imetoka kwetu." Pakawa kimya. Kaka yangu akaomba maji ya kunywa, na shauri la kumrudisha mama halikutajwa tena.

Liko jambo jingine ambalo sikuwaambia. Waliochunguza ubongo wa mpepesukaji walikuta kwamba seli nyingi, ingawa zimeketi pasipo pake, zimeunganika na zile zilizopaswa kuunganika nazo. Hata zile za kuonea ziliitikia mwanga. Nililisoma hilo mara tatu.

Mtoto wetu sasa ana miaka saba, na mama yake yuko kwa mumewe. Hukaa mkekani barazani. Nikiwa bado uchochoroni, sijapiga hodi, husikia mkongojo wangu akaanza kucheka.