Wapewe na Nani?

Watu wengi wakisikia kwamba timu yetu hufanya kazi kwa mtindo wa ajaili, hudhani maana yake hatuna bosi. Timu inajipangia kazi, inakutana kila asubuhi kwa dakika 15, na kila wiki mbili inaonyesha ilichotengeneza. Meneja abaki wa nini?

Mtindo huu ulipata jina lake Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakaandika ilani fupi juu ya utengenezaji wa programu za kompyuta. Chini ya ilani hiyo kuna kanuni 12. Mojawapo inataka kazi ifanywe na watu wenye ari, wapewe mazingira na msaada wanaouhitaji, kisha waaminiwe. Mimi husimama kwenye neno "wapewe". Anayepewa ana mpaji. Mpaji huyo ni nani?

Nimefanya kazi chini ya mameneja wawili katika mradi mmoja: programu ya simu ya kupimia maziwa na kuwalipa wafugaji wa chama cha ushirika.

Wa kwanza hakukosa kikao cha asubuhi hata siku moja. Alisimama katikati na daftari lake, akimwandika kila mtu na alichomaliza. Aliyekwama aliambiwa, "Usiniletee matatizo." Sisi Waswahili tunajua kwamba ukiulizwa habari unajibu "nzuri", hata kama umelala na homa, ya homa yatafuata baadaye. Kikao chetu kiliishia kwenye "nzuri". Homa haikutajwa kamwe.

Nayo ilikuwepo. Binti aliyekuwa akijaribu programu, mdogo wetu kuliko wote, aligundua kwamba mfumo unakata desimali. Mfugaji akileta lita 7.5, inahesabiwa 7. Nusu lita si kitu kwa anayeitazama akiwa ofisini. Kwa anayeleta maziwa kila siku, ni lita 15 kwa mwezi, na hizo kwake ni sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Binti alijaribu kulisema jambo hilo mara moja, akakatizwa. Akanyamaza.

Meneja wa pili alikuja mradi ukiwa umebakiza wiki tatu. Tulimwita Mama, kwa umri na kwa heshima. Asubuhi yake ya kwanza hakushika daftari. Aliuliza, "Wanangu, nini kinawazuia?" kisha akakaa kimya. Kimya kile kilituelemea. Mwishowe binti akasema, "Mama, samahani, tunawapunja wafugaji."

Hakuuliza nani aliandika sehemu ile. Aliuliza kurekebisha kutachukua muda gani. Tukafanya hesabu, tukaona hatuwezi kuwahi. Akachukua orodha ya kazi zilizobaki, akaahirisha grafu za rangi ambazo wakurugenzi walikuwa wakizisubiri kwa hamu, kisha akapanda ghorofani kuwaeleza. Alirudi baada ya saa nzima. "Grafu zimesubirishwa," alisema. "Maneno yakija, yatakuja kwangu. Nyinyi fanyeni kazi."

Sisi tusingeweza kufanya hivyo. Timu inaweza kujipangia kazi, lakini haina ubavu wa kuvunja ahadi iliyotolewa na wakubwa.

Wiki hiyohiyo alitutafutia gari, tukafika alfajiri kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Tulimkuta karani ana tochi mkono mmoja, simu mkono mwingine, vidole vimelowa. Vitufe vidogo tulivyovisanifu kwa mbwembwe havikumfaa kitu. Tuliporudi tukavikuza.

Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi akiona kasoro anaweza kuvuta kamba kuomba msaada, na kiongozi wake anamfuata pale alipo. Wengi husifu kamba. Mimi humsifu anayekuja. Kamba inayovutwa bila mtu kutokea haivutwi mara ya pili.

Programu ilianza kutumika ikiwa na desimali zake zote. Nafasi ya juu ilipotokea, Mama hakupewa. Alipewa mtu mwenye grafu nzuri zaidi.

Sasa nimeombwa kuongoza timu nyingine. Marafiki wananionya: utaacha kazi ya maana, utakuwa mtu wa vikao. Nimewasikiliza. Lakini nimeona nusu lita ya maziwa ikiokolewa na mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa programu. Nimejibu kwamba nitakubali kwa sharti moja, liandikwe kwenye mkataba: niwe na mamlaka ya kuahirisha kazi, hata iliyoagizwa na wakubwa. Wakinikatalia hilo, basi wanatafuta mtu wa kushika daftari, na mimi nitabaki kwenye meza yangu.