Mtutu wa Bomba

Babu yangu, huko Konde, alikuwa na gobori la kufukuzia tumbili shambani. Miaka michache kabla ya Mapinduzi ya 1964, mtutu wake uliliwa na kutu. Vipuri havikuuzwa dukani, basi mhunzi akampachikia bomba la maji. Lilikaa barabara, kitako kile kile, mdeki ule ule. Lakini bomba lile lilikuwa na mshono ubavuni, halikutengenezwa kuhimili baruti. Siku ya tatu likapasuka, likamwondolea babu vidole viwili. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kila nilipoombwa kumpitisha mwanafunzi ambaye hajaiva, kwa kuwa shule zina upungufu, niliukumbuka mkono ule. Kuziba nafasi si kuiweza kazi.